Pisheni, Meneja Anapita

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimekuwa mtu mwenye mbwa. Naandika tena kwa kuwa imekaa vizuri: mtu mwenye mbwa!

Mzee Polycarp, mteja wangu wa siku nyingi, amehamishiwa Dodoma na ofisi yake. Nyumba aliyopata huko haina ua. Akanipigia simu, akasema Beno, wewe ni mtu makini, mchukue Meneja. Sikumuuliza amewaomba wangapi kabla yangu. Neno "makini" lilinitosha.

Meneja ni mbwa mkubwa, rangi ya andazi lililoungua kidogo. Amechanjwa kichaa cha mbwa na kadi yake ninayo, ina mhuri. Mimi mwenyewe sina kadi yenye mhuri. Ukimwambia kaa, anakaa. Mlangoni anangoja hadi aambiwe apite. Mke wangu Leticia alimtazama yeye, akanitazama mimi, akasema walau mmoja wetu amelelewa. Mwanamume mwenye mbwa hajibu kila kitu.

Tatizo ni nyumba. Tunapanga chumba Mtaa wa Mchikichi, nyumba ya zamani iliyobanwa na maghorofa pande zote. Mwenye nyumba ni Bi Ruqaya, mama wa Kiarabu, mtu wa sala tano, na mbwa kwake ni najisi. Nilimwamkia shikamoo mara mbili kabla ya kumweleza. Akaitikia marahaba mara moja. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema mnyama hana dhambi, ila ana mipaka. Meneja atalala kwenye kile kibanda kitupu nyuma ya uani. Akitoka awe na kamba. Asivuke mfereji wa maji machafu unaoukata ua katikati, maana upande wa pili ndiko anakotilia udhu. Jumamosi atawasikiliza watu wote wa nyumba, kisha atakata shauri: abaki au aende.

Kitwana alikuwepo. Huyu ni mpangaji mwenzangu, muuza kahawa, na kile kibanda alishakipigia hesabu ya kufugia bata. Alitabasamu. Silipendi tabasamu la Kitwana.


Jumanne, 4 Februari

Siku kubwa! Matembezi ya kwanza.

Lazima nieleze jambo. Nauza zipu na vifungo Kariakoo tangu ujana. Nimekanyagwa na wapagazi, nimesukumwa na mikokoteni, nimepigwa viwiko na akina mama wenye marobota. Kila siku ni mimi ninayepisha. Kuna siku nilipisha, nikapisha, hadi nikajikuta mtaa mwingine kabisa.

Leo nimeingia Mtaa wa Kongo na Meneja, kamba nyekundu mkononi. Watu wakagawanyika. Wote! Mwenye toroli akasimama. Mama mwenye ndoo kichwani akajibana ukutani. Muuza mabegi akapanda juu ya mabegi yake. Katikati ikabaki njia tupu, pana, na ndani yake mimi.

Nilifurahi. Nasema ukweli. Nikapunguza mwendo ili nionekane vizuri. Nilipofika mwisho nikageuka, nikapita tena.

Jioni Kitwana akasema barazani kwamba wale hawakuniheshimu mimi, wameyakimbia meno. Nikamwambia mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Leticia naye akasema mwenye mbwa muungwana ndiye humvuta mbwa wake pembeni awapishe watu, maana si kila mtu anampenda mbwa, na wengine wana udhu wao. Kweli, Mzee Polycarp alilisema hilo kwenye simu, pamoja na mengine: kamba fupi, maji, kivuli, choo chake ukiokote. Yote nimeyahifadhi kichwani. Nitayatumia yakihitajika.


Jumatano, 5 Februari

Wazo limekuja nikiwa napiga mswaki. Mawazo yangu makubwa huja hapo.

Kama watu wananipisha mimi, basi watampisha na yeyote aliye nyuma yangu. Wanunuzi wanateseka Kariakoo na mizigo yao. Meneja mbele, mimi nimeshika kamba, mteja nyuma na robota lake. Nimeuita Msafara. Malipo nitayapanga baadaye, kwanza jina lisambae.

Mteja wa kwanza ni Euphrasia, mwenye duka la nguo Songea, huja kununua kwangu zipu. Ni mama mnene mwenye haraka. Nilipomweleza alicheka, halafu akaona njia ilivyofunguka, akaacha kucheka. Akanifuata. Tulikwenda vizuri mno! Nilikuwa nasema "pisheni, Meneja anapita," kwa sauti ya kiofisi. Wageni wa mji walidhani ni meneja kweli.

Saa ya jua kali Meneja akaanza kucheza. Anainua mguu huu, anautua, anainua ule. Nikadhani ni furaha ya kazi. Kisha akaingia chini ya meza ya Zamzam, muuza nguo za watoto, akalala kivulini na kukataa kutoka. Nikamvuta. Nikamwomba. Nikamkumbusha cheo chake. Hakuna!

Zamzam akaniambia anko, hebu weka kiganja chako kwenye lami uhesabu hadi kumi. Nikaweka. Sikufika tano. Nilipiga ukelele ambao sitauelezea hapa. Zamzam akasema huyo mwenzako hana viatu, na umemtembeza juu ya kikaango tangu asubuhi.

Iliniuma, na si kiganja tu. Nikamwomba Meneja radhi pale pale, chini ya meza, watu wakitazama. Mtu mwingine angemrudisha nyumbani hadi jua lipoe. Mimi nikanunua soksi. Soksi za mtoto, jozi mbili, za njano, zina picha ya nyuki. Hakuna mbwa mwingine Bongo nzima mwenye soksi za nyuki. Nilijivuna. Euphrasia wakati huo alikuwa ameshaondoka na bodaboda.

Jioni kumetokea jambo dogo. Meneja alikuwa na kiu. Maji! Nikakumbuka maagizo. Nikavuka mfereji, nikachukua kopo la kwanza nililoliona, nikamnywesha. Lilikuwa kopo la udhu la Bi Ruqaya.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinieleza taratibu, kama mtoto, kwamba chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Kisha akalichukua kopo, akachota udongo kidogo kwenye chungu chake cha asumini, maana Kariakoo yote imemwagwa zege na huwezi kuona udongo mwingine. Akaosha mbele yangu. Nilisimama nimeinamisha kichwa, lakini nilikuwa naangalia kwa makini sana.


Alhamisi, 6 Februari

Nimegundua pengo katika Msafara na nimeliziba. Watu wa Kariakoo wengi ni Waislamu. Mbwa akimgusa mmoja, itakuwaje? Mwenye mbwa wa kawaida husema samahani, akaenda zake. Mimi nitatembea na vifaa! Ndoo ndogo ya maji, jagi, na kopo la udongo. Akiguswa mtu, anaoshwa papo hapo mara saba na anaendelea na safari. Huu ndio ustaarabu wenyewe. Nashangaa hakuna aliyewahi kuufikiria.

Udongo nao si wa kubahatisha. Bi Ruqaya alichota kwenye maua, basi mimi nimekwenda kwa wauza maua wenyewe, nikitokea Posta kupeleka zipu. Jamaa alinionyesha aina mbili, wa kawaida mwekundu na mweusi tii unaonukia nguvu. Akasema ule mweusi ndio daraja la kwanza, maua yanaupenda kufa. Nikachukua mweusi. Mimi sinunui vya kawaida.

Wakati wa kurudi kutoka matembezi ya jioni, Meneja alijisaidia kando ya Mtaa wa Sikukuu. Kwa heshima, kwenye pembe, bila kumtazama mtu. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku, kwa hiyo nilikuwa na bahasha ya kaki. Nikaokota, nikafunga, nikalamba gundi nikabandika. Nikawa natembea na bahasha yangu, nadhifu, kama mtu anayetoka serikali ya mtaa.

Kitwana akaniona nikiingia nayo. Macho yakamtoka. Akauliza barua ya nini hiyo. Nikasema ni mambo ya Meneja tu. Kumbe akafikiri nimeandika barua ya kukiombea kibanda kiwe changu moja kwa moja! Nilipoiweka kizingitini nimfungie Meneja, akaichukua. Akajificha nayo jikoni. Akaifungua kwa kidole.

Sina la kuongeza. Alipiga kelele hadi ghorofa ya nne ya jirani wakachungulia. Nimemwambia Leticia kwamba kisheria mwathirika ni mimi, kwa kuwa barua ya mtu haifunguliwi. Leticia alikuwa amelala chini akicheka na hakunisikia.


Ijumaa, 7 Februari

Naandika kwa mkono uliochoka.

Kesho ni shauri. Nikawaza: ninahitaji wema mmoja mkubwa, uonekane na wote, umfikie Bi Ruqaya kabla ya asubuhi. Mwanawe Hamud anauza vitambaa Mtaa wa Aggrey. Kila Ijumaa hufunga duka dakika za mwisho na kukimbilia msikitini huku watu wamejaa njiani. Leo asikimbie! Leo apelekwe na Msafara!

Nilijiandaa kama inavyotakiwa. Jua lilikuwa kali, basi nilimwagia Meneja ndoo nzima ya maji apoe. Soksi alivaa. Vifaa vyote nilibeba. Hamud alipotoka dukani, kanzu nyeupe, imepigwa pasi hadi ina kingo, mimi nikatokea mbele yake na kusema twende.

Alisema bro, asante, mimi njia naijua. Nikasema hapana, leo wewe ni mgeni rasmi. Akasema Beno, ndugu yangu, mbwa, na mimi naenda kusali. Nikamwambia aondoe shaka, kila kitu kimefikiriwa. Nikapaza sauti: "Pisheni! Meneja anapita!"

Wakapisha! Hata wazee wenye misala mabegani walipisha, na kwa kasi ambayo sijaiona tangu nianze kazi hii. Nilitembea kifua mbele. Hamud alikuwa nyuma akisema kitu, lakini kelele za mtaa zilikuwa nyingi.

Ndipo Meneja aliposimama na kujikung'uta.

Mbwa mwenye ndoo nzima ya maji mwilini ana maji mengi kuliko unavyodhani. Hamud alipata yote. Kanzu, kofia, ndevu. Akataka kurudi nyuma, lakini kamba yangu ni ndefu (najua, Mzee Polycarp alisema fupi), ikawa imemzunguka miguu. Akabaki amesimama pale katikati ya mtaa, na adhana imeshalia.

Nikamwambia usijali. Nilikuwa nimeisubiri saa hii. Nikatoa vifaa.

Nikawaza, kama udongo mara moja unasafisha, udongo mara saba utasafisha zaidi. Nikamwosha ncha ya kanzu kwa udongo. Kisha kifua. Nikaendelea. Nilikuwa nahesabu kwa sauti ili watu washuhudie. Nilipofika tano Mzee Sadalla, muuza kofia, akapaza sauti kutoka barazani kwake kwamba udongo ni mara moja tu, zilizobaki ni maji matupu. Lakini kanzu ilishakuwa rangi ya chai ya maziwa, na mimi siachi kazi katikati.

Hamud alivumilia muda wote, kwa subira ya ajabu. Sasa akanusa. Akauliza kwa sauti ndogo, Beno, huu udongo una nini.

Nikamjibu kwa fahari. Nikasema ni daraja la kwanza, si ule mwekundu wa kawaida. Umechanganywa na samadi ya kuku, iliyooza vizuri kabisa.

Mtaa wa Aggrey haujawahi kuwa kimya Ijumaa mchana. Leo umekuwa. Mzee Sadalla alishika kichwa. Hamud alijifungua kamba mwenyewe, akarudi nyumbani kuoga na kubadili nguo, na hotuba ya Ijumaa ikampita yote. Hakunitukana. Alisema tu, inshallah tutaonana kesho.

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Bi Ruqaya hakuitikia salamu yangu. Kitwana amepima kibanda kwa utepe, akisema bata wake watatu watatosha.


Jumamosi, 8 Februari

Asubuhi nilimchana Meneja manyoya. Nilijaribu kujiambia kwamba ninachoogopa ni kurudi kupisha watu. Si hilo. Ni kwamba nikifungua mlango, yeye anainuka. Mji wote huu, na hakuna mwingine anayeinuka nikiingia. Nilimwambia hivyo sikioni. Alinilamba pua, nami sikujiosha hata mara moja.

Shauri lilikaliwa uani. Bi Ruqaya kwenye kiti chake upande wa pili wa mfereji. Hamud pembeni, kanzu nyingine, anang'aa. Leticia mlangoni. Meneja upande wetu, amekaa. Mimi nimevaa tai.

Malalamiko yakasomwa. La kopo. La kanzu, ambalo Hamud alilieleza vizuri mno hadi mwenyewe akaanza kucheka katikati. Kitwana akaeleza la bahasha, na hapo Bi Ruqaya ilibidi ajifunike uso kwa mtandio. Kitwana akaona anapoteza. Akasema maneno hayatoshi, mbwa huyu hajui mipaka, na anaweza kuthibitisha. Akatoa mfukoni kichwa cha samaki, changu, alichokinunua soko la Feri alfajiri, akakirusha ng'ambo ya mfereji, karibu kabisa na mahali pa udhu.

Meneja akakitazama kichwa cha samaki. Mate yalimtoka, sifichi. Akamtazama Bi Ruqaya. Akabaki amekaa.

Mimi ndiye sikubaki. Niliona mkia wake ukitikisika kidogo, nikajua yote yamekwisha, lazima nimwokoe! Nikaruka mfereji ili nikiwahi kile kichwa. Tai ilinizonga. Nikateleza. Nikaingia mferejini hadi magotini, nikaanguka kifudifudi, na mkono wangu, mweusi kwa matope, ukatua barabara juu ya kopo la udhu.

Bi Ruqaya akasubiri nisimame. Kisha akasema amesikia na ameona. Amehesabu makosa yote ya wiki, na kila moja lina jina la Beno. Lenye jina la mbwa hajaliona. Mpaka hakuuvuka hata kwa kuchokozwa, jambo ambalo limewashinda wapangaji wake wawili asubuhi moja, mmoja kwa samaki na mwingine kwa miguu yake. Mbwa abaki.

Meneja abaki! Nilipiga magoti pale pale mferejini. Nililia kidogo, na kwa kuwa nilishalowa, hakuna aliyejua isipokuwa Leticia.

Kulikuwa na nyongeza. Mbwa atatolewa mapema, jua bado halijawaka na watu hawajajaa, aende viwanja vya Mnazi Mmoja. Kamba fupi. Kando ya njia. Akikutana na mtu, yeye ndiye apishe. Na kamba itashikwa na Leticia. Beno akitaka kwenda aende, lakini nyuma, na ndiye atakayebeba bahasha.

Hayo ni mambo ya utekelezaji tu. La msingi ni kwamba nimeshinda kesi. Kitwana ameambiwa aweke banda la bata juu ya paa au asahau.


Jumapili, 9 Februari

Tumetoka mapema kama ilivyoamriwa. Leticia mbele na Meneja, kamba fupi. Mimi nyuma, na bahasha. Kulikuwa na ubaridi mzuri. Kila waliyekutana naye, Leticia alimvuta Meneja kando, akamwambia akae, mtu akapita, akasema asante dada. Wengine walisimama kusalimia. Mzee mmoja wa Kihindi aliuliza jina lake na kumsifu kwa adabu. Hamud naye alipita akitoka sala ya alfajiri, akasimama umbali wake, akamwambia Meneja mambo vipi, bosi. Mimi alinipungia mkono.

Wote walisema mbwa wenu ana malezi. Nilijibu kila mara kwamba nimejitahidi.

Lakini njia haikufunguka. Hakuna aliyejibana ukutani. Hakuna aliyepanda juu ya kitu. Pale kona ya Mtaa wa Uhuru nilimpisha mtu wa magazeti, nikampisha mwenye baiskeli ya mikate, nikampisha hata mwenye kufagia, bahasha yangu ilipomdondokea. Iliniuma moyoni. Nikakaa kwenye ukuta wa Mnazi Mmoja, Meneja akaja akaweka kichwa gotini kwangu, na nikaitafakari wiki nzima kwa utulivu ili nijue nilikosea wapi.

Nimeona. Kosa lilikuwa ukubwa. Mbwa ni mdogo mno kwa Kariakoo.

Nimempigia Mzee Polycarp huko Dodoma. Nikamhakikishia kwamba Meneja yuko salama, ana soksi, na ameshinda kesi. Akafurahi sana. Kisha nikamuuliza kama ni kweli huko punda wanapatikana kwa urahisi. Akauliza, mkeo anajua? Nikasema bado.

Hukumu ya Bi Ruqaya nimeirudia kichwani neno kwa neno, toka mwanzo hadi mwisho. Imetaja mbwa tu.